Maisha ya Bibi Siti binti Saad, Muuza Vyungu
Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wengi wenu mnamjua Bibi Siti binti Saad kuwa mwimbaji mkubwa wa taarabu. Mimi nataka kukuelezeni habari zake tangu alipokuwa muuza vyungu, kwa sababu nimepata kwake funzo lililonitoa katika aibu.

Likizo iliyopita nilikuwa Paje kwa shangazi yangu. Yeye na wanawake wenzake hutengeneza sabuni ya mwani, na pesa za sabuni hiyo ndizo zinazoninunulia madaftari na viatu vya skuli. Wanunuzi walikuwa wamepungua, basi akaniomba nimwandikie taarifa ya kupeleka gazetini, maana mimi ndiye msomi wa nyumba. Niliandika ukurasa mzima. Niliisifu sabuni kuwa haina mfano duniani, nikaongeza kuwa inaponya kila ugonjwa wa ngozi. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nimesema inauzwa wapi. Sikusema. Wala bei sikuitaja. Niliona haya sana.

Niliporudi skuli nilisoma maisha ya Bibi Siti katika kitabu cha Shaaban Robert, na hapo ndipo nilipotambua kosa langu.

Bibi Siti alizaliwa Fumba, kusini ya mji wa Unguja, kama mwaka 1880. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, nao walikuwa maskini. Zama zile zilikuwa za utumwa, na mtoto aliitwa Mtumwa. Jina la Siti alilipata baadaye. Hakupata kujua kusoma wala kuandika. Kazi ya nyumbani kwao ilikuwa kilimo na ufinyanzi, naye akawa anachukua vyungu kwenda kuviuza mjini.

Vyungu hivyo alikuwa akivinadi kwa kuimba. Sauti yake ilitangulia kufika kabla ya yeye mwenyewe, na watu walipoisikia walijua kuwa Siti yu njiani na vyungu vyake. Basi hilo ndilo tangazo zima: ni nani, ana nini, na yuko wapi. Aliyehitaji chungu alitoka mlangoni, na chungu akakikuta. Lau sauti ingalipita bila ya vyungu, siku ya pili nani angalitoka?

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko Ali Muhsin alimfunza uimbaji na muziki, kisha akaimba pamoja na wenzake kama Subeti Ambari, Buda Mwendo, Mbaruku na Maalim Shaaban. Wakati ule taarabu ya wakubwa iliimbwa kwa Kiarabu. Bibi Siti aliiimba kwa Kiswahili, na watu wa Ng'ambo wakaielewa. Nyimbo zake zilichukua habari za mji. Wimbo wake wa Kijiti ulisimulia habari ya mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja, na muuaji akakimbia. Hata asiyeweza kusoma gazeti alijua nani, wapi, na limetokea jambo gani.

Mwaka 1928 yeye na wenzake walikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri, na sauti yake ikaenea mwambao mzima. Alifariki tarehe 8 Julai, 1950. Chama cha wanahabari wanawake wa Tanzania, TAMWA, kililiita jarida lake Sauti ya Siti. Tazameni ajabu hiyo: asiyejua kuandika amewapa waandishi jina!

Basi nikachukua karatasi, nikaandika upya. Safari hii nilianza na jambo jipya, maana mhariri hutafuta habari, hatafuti sifa: kikundi cha Paje kimeanza kuwafunza watu kutengeneza sabuni ya mwani kila Jumamosi asubuhi. Kisha nikataja ni akina nani, nyumba iko wapi, sabuni ni bei gani, na namba ya simu ya kuulizia. Yale maneno ya kuponya magonjwa niliyafuta, kwa kuwa hakuna aliyeyathibitisha, na mnunuzi akija kuyatafuta hatayakuta. Taarifa nzima ikawa mistari minane.

Nilimsomea shangazi kwa simu. Aliniambia nirudie, naye akawaita wenzake wasikilize. Hakuuliza swali lolote.

Wanafunzi wenzangu, wengi wetu tuna mama au mjomba mwenye biashara ndogo. Siku atakapokuombeni mumwandikie, msimwonyeshe wingi wa maneno mliyojifunza skuli. Semeni alicho nacho na mahali alipo, kisha hakikisheni mteja akija atakikuta.