Mtawa Aliyefeli Mara Mbili

Muhula uliopita nilipata sapu ya jenetikia. Nikarudi nyumbani Lushoto nimenyong'onyea, nikawa namsaidia mama kuchomeka vijiti vya njegere bustanini. Humo ndimo nilipomkumbuka Gregor Mendel, yule jamaa tunayemkariri kwa ajili ya mtihani na kumsahau kesho yake.

Alizaliwa mwaka 1822 katika familia ya wakulima, sehemu ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki. Ada ilikuwa shida. Baba yake aliumia kazini, na mdogo wake, Theresia, akajinyima sehemu ya mali aliyotengewa kwa ajili ya ndoa ili kaka asome. Mwaka 1843 akaingia utawani mjini Brno.

Sasa sikia hii. Mwaka 1850 alifanya mtihani wa ualimu, akafeli. Akapelekwa Chuo Kikuu cha Vienna, akasoma, akarudia mtihani mwaka 1856. Hakufaulu tena. Cheti kile hakukipata mpaka anakufa.

Mwaka huohuo akaanza majaribio ya njegere kwenye bustani ya watawa. Alikuwa akifungua maua machanga na kuyachavusha kwa mkono. Alipokutanisha njegere za mbegu laini na za mbegu zenye mikunjo, kizazi cha kwanza kilitoa laini tupu. Kizazi cha pili mikunjo ikarudi: laini 5,474, zenye mikunjo 1,850. Karibu tatu kwa moja! Aliendelea kupanda na kuhesabu hadi 1863, mimea ipatayo 28,000.

Matokeo aliyasoma mbele ya wanasayansi wa Brno mwaka 1865, yakachapishwa 1866. Karibu hakuna aliyejali. Baadaye akawa mkuu wa watawa, kazi za ofisi zikambana, akafariki 1884. Mwaka 1900 ndipo wataalamu wa mimea walipoitambua kazi yake. Lakini deni la Theresia alikuwa ameshalilipa: aliwasaidia watoto wake kusoma.

Sisemi kila mwenye sapu ni Mendel. Mimi nilikuwa nimeshaamua kuacha chuo, basi. Ila mama alipouza debe zima la njegere nipate nauli ya kurudi kufanya sapu, nilimkumbuka Theresia, nikaona aibu. Nimerudi. Mtihani ni Jumatatu.