Tanaka Shozo: Mbunge aliyetetea mashamba yaliyoharibiwa na shaba

MKULIMA aliyepoteza mazao kwa ukame husubiri mvua za msimu ujao. Lakini yule ambaye udongo wake umeingiwa na madini mazito hana msimu wa kusubiri, kwani madini hayaozi. Hasara ya aina hiyo ndiyo iliyomfanya Tanaka Shozo wa Japani atumie zaidi ya miaka 20 kutetea wakulima wa mpunga.

Alizaliwa mwaka 1841 katika kijiji cha Konaka, mkoa wa sasa wa Tochigi. Baba yake alikuwa mkuu wa kijiji, naye akashika kazi hiyo akiwa bado kijana. Mwaka 1890 alichaguliwa kuwa mbunge katika uchaguzi mkuu wa kwanza wa nchi hiyo.

Agosti mwaka huo Mto Watarase ulifurika. Zamani mafuriko yake yalikuwa neema, kwa kuwa yaliacha tope lenye rutuba. Safari hii mpunga ulinyauka. Juu ya mto palikuwa na mgodi wa shaba wa Ashio, ulionunuliwa na mfanyabiashara Furukawa Ichibei mwaka 1877. Moshi wa salfa wa matanuri uliua misitu ya milimani, maji ya mvua yakakosa kizuizi, na mafuriko yakasomba mabaki ya mgodi hadi mashambani. Udongo ulipopimwa na Kozai Yoshinao, mtaalamu wa kilimo wa chuo kikuu cha Tokyo, ulikutwa na shaba.

Desemba 1891 Tanaka alilifikisha suala hilo bungeni. Serikali ilisita, kwa sababu shaba ilikuwa ikiliingizia taifa fedha za kigeni. Mgodi ulianza kuwalipa wakulima fedha kidogo, kwa masharti kwamba wasidai tena. Wengi walitia saini. Mafuriko makubwa ya mwaka 1896 yalileta hasara mpya, na waliosaini walikuwa wamejifunga wenyewe.

Mwaka 1897 serikali iliamuru mgodi ujenge mabwawa ya kuchuja maji, lakini mashamba hayakupona. Februari 1900 wakulima walioandamana kwenda Tokyo walipigwa na polisi wakiwa njiani. Mwaka uliofuata Tanaka alijiuzulu ubunge, na Desemba 10 alijaribu kumkabidhi Mfalme Meiji barua mkononi. Alikamatwa, kisha akaachiwa.

Mwaka 1904 alihamia Yanaka, kijiji ambacho serikali ilitaka kukigeuza bwawa la kupunguza mafuriko. Nyumba za mwisho zilibomolewa mwaka 1907. Alifariki Septemba 4, 1913, akiwa ameacha mfuko mmoja wenye maandishi yake, katiba, Agano Jipya na vijiwe vichache.

Mgodi ulifungwa mwaka 1973. Mwaka 1974 kampuni ilikubali kuwalipa wakulima yeni bilioni 1.55, miaka 61 baada ya kifo chake.

Somo kwa mkulima ni kupima udongo na maji kabla ya kukubali fidia. Malipo ya msimu mmoja hayalingani na hasara inayobaki ardhini kwa vizazi.