Salum Abdallah: Shabiki wa muziki wa Cuba aliyeichezesha Morogoro

Basi la Mbeya likishaingia Hifadhi ya Mikumi, simu zote zinatoka mifukoni. Abiria wanasaka twiga na tembo wa kupandisha status. Juu kwenye spika inagonga amapiano, na hapo ubishi unaanza: Bongo Fleva imeuzwa Afrika Kusini, vijana wanakopi tu, hawana chao.

Kabla hujachagua upande, kuna mtu wa mkoa huuhuu wa Morogoro unapaswa kumjua. Huyu alichukua muziki wa watu mchana kweupe, tena jina la bendi yake likatangaza kabisa alikoutoa. Na bado, ukitaja waasisi wa muziki wa dansi Tanzania ukamruka yeye, hesabu yako ina kasoro.

Anaitwa Salum Abdallah Yazidu. Mashabiki walimfupisha wakamwita SAY.

Alianza kama shabiki tu

SAY alizaliwa Morogoro mwaka 1928. Wakati anakua hakukuwa na stesheni ya redio ya nyumbani. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, akiwa tayari mtu mzima. Muziki wa mbali ulifika kwa santuri: unazungusha mkono wa gramafoni, unaweka sindano, wimbo unapiga dakika tatu, unageuza upande.

Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya HMV ya Uingereza ilitoa mfululizo wa santuri za muziki wa Amerika ya Kilatini, zikiwa na alama ya GV na namba. GV 1 ilikuwa na El Manisero, wimbo wa Cuba uliopigwa na okestra ya Don Azpiazú. Santuri hizo zikasambaa Afrika. Wasikilizaji wengi hawakujua neno la Kihispania, ila mdundo waliuelewa fasta.

Sababu ipo. Muziki wa Cuba ulijengwa kwa sehemu kubwa na watoto na wajukuu wa Waafrika waliopelekwa kule utumwani, wakiwamo watu wa Kongo na Wayoruba. Kwa hiyo santuri ilipofika Morogoro, ilikuwa kama ndugu aliyepotea miaka mingi amerudi na nguo mpya. Sura unaijua, lugha ndiyo inakupiga chenga.

SAY alizama mazima. Inasimuliwa kwamba ujanani alitoroka nyumbani na wenzake, lengo likiwa kupanda meli mpaka Cuba wakasome muziki. Safari iliishia Mombasa, wakarudi.

Hebu fikiria. Leo shabiki akimpenda msanii, anafolo na kukomenti. Huyu dogo aliamua kuvuka bahari mbili.

Cuba ikahamia Morogoro

Kama Cuba haifikiki, basi iletwe. Mwaka 1948, akiwa na miaka 20, alianzisha bendi Morogoro na kuiita La Paloma, jina la wimbo wa Kihispania wenye maana ya njiwa. Baadaye bendi ikaja kujulikana kama Cuban Marimba, na hilo ndilo jina lililoingia kwenye historia.

Kwenye majina hakuficha kitu. Rumba, chacha, bolero, vyote vilikuwemo. Ukizisikiliza baadhi ya nyimbo zake leo, unasikia wazi kwamba mtu huyu amekesha na santuri za Havana. Anayesema alikopi hajakosea.

Ila sikiliza maneno. SAY aliimba Kiswahili, na aliimba mambo ya mtaani kwake: mapenzi na machungu yake, salamu, mawaidha, na baadaye nchi iliyokuwa inatafuta uhuru na kuupata mwaka 1961. Wimbo kama Wanawake Tanzania ulibeba wito wa kujenga taifa. Mwingine, Ngoma Iko Huku, jina lake peke yake linatosha kuwa jibu kwa kila aliyedhani utamu wote uko ng'ambo.

Hapo ndipo alipowaacha wengine. Santuri za GV zilimpa mdundo tu. Stori alizitoa nyumbani.

Na Mombasa, mji uliomkatishia safari ya Cuba, ukamlipa kwa njia nyingine. Nyimbo za Cuban Marimba zilitoka kwenye lebo ya Mzuri, iliyokuwa ya kampuni ya Assanand ya hukohuko Mombasa. Kijana aliyeshindwa kutoka bandarini, sauti yake ndiyo iliyosafiri.

Kwa nini Kilosa inahusika

Staa anahitaji watu wenye hela ya kiingilio na santuri. Mkoa wa Morogoro wakati huo ulikuwa nao, na wengi walikuwa kwenye mkonge.

Wilaya ya Kilosa ilikuwa na mashamba makubwa ya mkonge, Kimamba ikiwa moja ya maeneo yanayojulikana zaidi. Vibarua walitoka makabila mengi na mikoa mingi, kila mmoja na lugha ya kwao. Kilichowaunganisha ni Kiswahili. Muziki wa dansi wa Kiswahili ulikuwa umeshonwa kwa saizi yao: haukuwa wa kabila lolote, kwa hiyo ulikuwa wa wote.

Usafiri nao ulikuwepo. Morogoro na Kilosa zote ziko kwenye Reli ya Kati, na Kilosa ndiko linakoanzia tawi la reli linalopita Mikumi hadi Kidatu. Kisha redio ikamalizia kazi. Sauti ya Dar es Salaam ilipokua na kuwa shirika la utangazaji la Tanganyika, wimbo wa bendi ya mkoani ungeweza kusikika nchi nzima jioni moja. Yaani bendi haikulazimika kuhamia Dar ili iwe kubwa.

Morogoro ikawa mji wa muziki hasa, na upinzani ukawa mkali. Upande mmoja Cuban Marimba, upande mwingine Morogoro Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1944. Ni kama Simba na Yanga, tofauti ni kwamba hapa mechi ilichezwa kwa magitaa.

Ajali

Tarehe 19 Novemba 1965, Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari. Alikuwa na miaka 37.

Mwaka huohuo kijana mwingine alijiunga na Morogoro Jazz: Mbaraka Mwinshehe Mwaruka. Mbaraka akawa jina kubwa kuliko yote, akaenda na bendi yake mpaka Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70. Kisha, Januari 1979, naye akafa kwa ajali ya gari, hukohuko Mombasa. Mkoa mmoja, vigogo wawili, na barabara ikawachukua wote kabla ya kufika 40.

Mashabiki wa zilipendwa hawajamaliza kubishana nani zaidi. Kwa gitaa la kuongoza, kura nyingi zitaenda kwa Mbaraka, na ni haki. Lakini Mbaraka alikuta mlango uko wazi. SAY alikuwa miongoni mwa walioufungua, wakati hapakuwa na mfano wa karibu wa kumuiga.

Cuban Marimba haikuzikwa naye. Juma Kilaza alishika uongozi na kuipa maisha mengine. Na mwaka 2000, miaka 35 baada ya kifo chake, lebo ya Dizim ya Ujerumani ilitoa CD ya rekodi za SAY na bendi yake, ikaiita Ngoma Iko Huku. Mzungu sasa ndiye aliyekuwa ananunua Cuba iliyopikwa Morogoro.

Turudi kwenye basi

Kwa hiyo, kukopi ni dhambi? Kwa kipimo cha SAY, hapana. Kuna kukopi kwa kuanzia na kukopi kwa kuishia, na tofauti iko kwenye kazi unayofanya baada ya kuupenda muziki wa watu. Yeye alijifunza, akajenga bendi, akaimba lugha ya jirani yake, akaacha kitu ambacho Mcuba mwenyewe asingeweza kukitunga.

Mikumi yenyewe ina ushahidi wa karibu. Mwaka 2015 jimbo hilo lilimchagua Profesa Jay kuwa mbunge wake, mtu aliyejenga jina kwa hip hop, muziki uliozaliwa Marekani. Waliompigia kura walimjua kwa mashairi ya Kiswahili kuhusu maisha yao. Hakuna aliyemdai risiti ya beat.

Lakini kipimo hikihiki kinawabana wasanii wa leo. Ukiondoa mdundo wa Afrika Kusini kwenye ngoma yako, kinabaki nini? Kama inabaki stori ya mtu wa Kilosa, ya Dumila, ya Ruaha, tuko pamoja. Kama hakibaki kitu, basi abiria wa siti ya nyuma anayelalamika ana hoja.

Ukishuka kwenye basi, mtafute Salum Abdallah mtandaoni, vaa earphone, sikiliza nyimbo tatu tu. Halafu rudi kwenye ubishi.