Sheikh Al-Amin Mazrui: Kadhi aliyewaandikia watoto

ZAMANI katika vyuo vya Kurani vya Mji wa Kale, Mombasa, mzazi alipomkabidhi mwanawe kwa mwalimu alimwachia nyama, akajibakishia mifupa. Mtoto wa Kibokoni, mtaa ulio hatua chache kutoka Ngome ya Yesu, aliketi mkekani akikariri aya kwa lugha asiyoielewa, bakora ikiwa karibu. Maana ya alichokisoma aghalabu hakuelezwa.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alikulia katika mji huo. Alizaliwa mwaka wa 1891, na babake, Sheikh Ali bin Abdalla, akafariki 1894. Yatima huyo alilelewa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, ambaye ndiye pia aliyekuwa mwalimu wake. Kwake yeye, basi, mlezi na mwalimu walikuwa mtu mmoja. Baadaye alisoma Zanzibar kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdalla Bakathir.

Alipoanza kufundisha na kuandika, aliwakumbuka wadogo. Aliwatungia wanafunzi wa madrasa Hidayatul Atfal, yaani uongozi wa watoto, kisha akaandika Masomo ya Dini kwa Kiswahili. Hatua hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa nzito. Wanazuoni wengi wa enzi zake waliona Kiarabu ndiyo lugha ya elimu, na Kiswahili ni cha nyumbani na sokoni. Lakini somo lililoandikwa kwa lugha ya mama humwezesha mtoto kuuliza, na humlazimu mwalimu kujibu. Bila shaka kitabu peke yake hakimfanyi mwalimu kuwa mpole. Angalau huwapa wawili hao jambo la kuzungumza.

Wazazi nao hawakusazwa. Katika gazeti lake la Sahifa, lililoanza 1930, na Al-Islah la 1932, aliwakemea Waislamu wa pwani kwa kuiga mavazi na anasa za Wazungu huku wakiipuuza elimu.

Mwaka wa 1937 aliteuliwa Kadhi Mkuu wa Kenya, wadhifa alioushika hadi alipofariki Aprili 1947. Mwanawe Ali, aliyekuja kuwa profesa mashuhuri, alikuwa na umri wa miaka 14.

Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Sheikh Abdalla Saleh Farsy, mwalimu wa shule kutoka Zanzibar, ambaye mwaka wa 1969 alichapisha tafsiri kamili ya Kurani kwa Kiswahili.