Mtakatifu Theresia na Sista Aliyekuwa Akimkera



Leo nataka tuzungumze habari ya kuuiga upendo wa Mungu. Maneno haya tumeyasikia tangu mafundisho ya Komunyo ya Kwanza: Mungu ni upendo, nasi tunapaswa kufanana naye. Sawa kabisa. Lakini hebu tuseme ukweli, utamwigaje Mungu wewe ambaye saa 11 alfajiri unagombania daladala, kazini una bosi asiyeridhika, na nyumbani jirani anafungulia redio mpaka usiku wa manane? Mungu ni mkubwa mno, sisi ni wadogo mno.

Ndiyo maana mimi hupenda kuwaangalia watakatifu. Hao ni watu kama sisi: waliamka asubuhi, wakafua nguo, wakala, wakaudhiwa na wenzao. Na katika jambo hili la upendo, ninayemkimbilia kuliko wote ni Theresia wa Mtoto Yesu, yule binti wa Lisieux, Ufaransa. Wengi tunamjua kwa picha tu: ameshika msalaba na maua ya waridi, uso umetulia. Picha ile ni nzuri, ila inaweza kutufanya tudhani kwamba alizaliwa hivyo, mpole tayari. Wala! Ngoja niwasimulie.

Theresia alizaliwa tarehe 2 Januari 1873 katika mji wa Alençon. Baba yake, Louis Martin, alikuwa fundi saa. Mama yake, Zélie, alikuwa na biashara ya kutengeneza lesi. (Wazazi hawa nao ni watakatifu, Kanisa liliwatangaza pamoja mwaka 2015.) Walizaa watoto 9, lakini waliokua ni mabinti 5 tu, na Theresia ndiye aliyekuwa kitinda mimba. Alipokuwa na miaka 4 mama yake akafariki kwa saratani ya titi. Familia ikahamia Lisieux, na dada yake Pauline akawa ndiye mama. Halafu mwaka 1882 Pauline naye akaondoka, akaingia monasteri ya Wakarmeli. Kwa mtoto wa miaka 9 ilikuwa kama kufiwa mara ya pili.

Basi yule mtoto akawa mwepesi wa machozi kupita kiasi. Neno dogo tu, analia. Akimaliza kulia, analia tena kwa sababu amelia. Nyumbani walimbeleza na kumdekeza kama yai.

Mabadiliko yalikuja usiku wa Noeli mwaka 1886, akiwa anakaribia kutimiza miaka 14. Kule Ufaransa watoto walikuwa wakiweka viatu karibu na meko ili wakute zawadi ndani yake. Waliporudi kutoka Misa ya usiku, baba yake, mzee wa watu amechoka, akasema kwa kunung'unika kwamba afadhali huu ni mwaka wa mwisho wa mambo haya ya kitoto. Theresia alikuwa anapanda ngazi, akasikia. Dada yake Céline aliona machozi yanamlengalenga, akamshauri asishuke kwanza. Yeye akayameza machozi, akashuka, akakaa mbele ya baba yake, akatoa zawadi moja moja kwa furaha mpaka mzee naye akacheka. Ni jambo dogo, si ndiyo? Lakini maisha yake yote aliuita usiku ule usiku wa kuongoka kwake. Alisema upendo uliingia moyoni mwake pamoja na haja ya kujisahau ili awafurahishe wengine.

Mimi hapo huwa natulia kidogo. Hakutokewa na malaika. Alichofanya ni kushuka ngazi.

Mwaka uliofuata, 1887, magazeti yalijaa habari za mtu mmoja aitwaye Pranzini, aliyehukumiwa kifo kwa kuua watu 3 jijini Paris. Kila mtu alimlaani. Theresia akaamua kumwombea kama mtoto wake mwenyewe, akamtolea na Misa. Siku ya kuuawa kwake, Pranzini aliyekuwa amekataa kuungama aligeuka ghafla, akaushika msalaba wa padre, akaubusu mara 3. Theresia alisoma gazetini akalia, safari hii kwa furaha. Huyu ndiye binti ambaye miezi michache nyuma alikuwa analia kwa neno moja.

Akataka kuingia Karmeli akiwa na miaka 15. Wakubwa wakasema bado mdogo. Novemba 1887 alikwenda hija Roma na baba yake, na walipopita mbele ya Papa Leo XIII, ambako waliagizwa wasiseme neno, yeye akapiga magoti akamwomba ruhusa uso kwa uso. Papa alimwambia afuate watakavyoamua wakubwa wake. Tarehe 9 Aprili 1888 mlango wa Karmeli ulimfungukia.

Sasa sikilizeni. Tunadhani monasteri ni nusu ya mbinguni. Fikirini basi: wanawake zaidi ya 20 ndani ya kuta zilezile, kila siku, mwaka mzima, hakuna pa kukimbilia. Kuna mzee, kuna mgonjwa, kuna mwenye hasira za karibu. Upendo wake ulipimwa humo humo.

Kulikuwa na sista mmoja ambaye kila kitu chake kilimkera Theresia: namna yake, maneno yake, tabia yake. Hakumkosea kitu kikubwa, ila damu zao hazikupatana. Unamjua mtu wa namna hiyo? Mimi ninamjua wa kwangu. Theresia hakujidanganya kwamba anampenda kwa hisia. Aliamua kumtendea kama ambavyo angemtendea mtu anayempenda kuliko wote. Kila akikutana naye alimwombea. Alimsaidia kila alipopata nafasi. Alipojisikia kumjibu vibaya, alitabasamu na kubadili mazungumzo. Na vita ikimzidia kabisa, aliondoka haraka kabla hajashindwa. Mwishowe yule sista akamuuliza kwa furaha ni kitu gani kinachomvutia hivyo kwake! Theresia alijua jibu: aliyemvutia ni Yesu, aliyefichika ndani ya moyo wa yule sista.

Kulikuwa na mwingine, sista mzee na mgonjwa, Sista Mtakatifu Petro. Kila jioni mtu alipaswa kumtoa kwenye sala na kumpeleka chumba cha kulia. Ukienda haraka analalamika kwamba utamwangusha, ukienda polepole analalamika kwamba hakusikii nyuma yake. Theresia alijitolea kumshika. Akifika naye mezani anamkalisha, anamkunja mikono ya vazi jinsi anavyotaka mwenyewe, kisha kazi imekwisha, anaweza kwenda. Lakini siku moja akaona bibi wa watu anahangaika kukata mkate kwa mikono yake iliyopinda. Tangu hapo hakuondoka mpaka amemkatia mkate, na akimaliza anampa tabasamu lake zuri kuliko yote. Hakuna aliyemwagiza. Na huo mkate ndio uliomfungua moyo yule mzee.

Kwenye kufua je? Mwenzake aliyekuwa mbele yake alikuwa akipiga leso vibaya, maji machafu yanamrukia Theresia usoni. Alitaka kurudi nyuma na kujifuta ili mwenzake aone. Akaacha, akayapokea kama zawadi. Kwenye tafakari, sista mmoja alikuwa na kelele ndogo inayochokonoa masikio. Theresia alitokwa na jasho kwa kujizuia asigeuke kumtazama. Akaamua kuisikiliza ile kelele kama muziki na kumtolea Yesu.

Msidhani kwamba alikuwa mtu wa kukubali kila kitu. Kuanzia mwaka 1893 alisaidia kuwalea wanovisi, na kosa la novisi hakulifumbia macho hata alipojua atanuniwa. Kusema ukweli kulimgharimu kuliko kunyamaza. Alinyamaza pale alipoudhiwa yeye, na alisema pale ambapo mwenzake angepotea. Sisi mara nyingi tunageuza: yetu tunayapigia kelele, ya wenzetu tunayanyamazia.

Mwaka 1897, akiwa mgonjwa, aliandika kwamba Mungu amemjalia kuelewa upendo ni nini. Alikuwa akiitafakari ile amri mpya ya Yesu katika Injili ya Yohane sura ya 13. Zamani watu waliagizwa kumpenda jirani kama nafsi yao. Yesu usiku wa kuaga akaweka kipimo kingine: tupendane kama yeye alivyotupenda. Theresia akajiuliza, Yesu aliwapenda mitume kwa sababu gani? Kwa akili zao? Walikuwa wavuvi, wengi wao hawajasoma, wagumu wa kuelewa. Aliwapenda hivyo hivyo walivyo, akawaita rafiki.

Halafu akaona tatizo ambalo sisi tunaliona: kipimo hiki hakiwezekani. Hakuna binadamu anayeweza kupenda kama Mungu. Na Mungu haamuru lisilowezekana. Basi, akahitimisha, ikiwa ananiamuru, maana yake anataka yeye mwenyewe apende ndani yangu. Nikiwa na upendo kwa mwenzangu, ni Yesu anayetenda ndani yangu.

Vijana wenzangu, hapa ndipo penye siri yote. Kumwiga Mungu si kubana meno na kujilazimisha kuwa malaika. Ni kumwachia nafasi. Wewe lete mguu wa kushuka ngazi na mkono wa kukata mkate; upendo wenyewe anauleta yeye.

Na asidhani mtu kwamba Theresia alikuwa anajisikia vizuri. Usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu mwaka 1896 alikohoa damu: kifua kikuu. Kuanzia Pasaka ile giza likaingia rohoni mwake. Alipofikiri mbinguni alikutana na ukuta. Sauti ndani zilimdhihaki kwamba hakuna kitu baada ya kifo. Hakupata nafuu ya giza lile mpaka siku ya kufa, miezi 18 hivi. Na ndani ya giza hilohilo aliendelea kutabasamu, kuwaandikia barua wamisionari wawili aliokabidhiwa kuwaombea, na kuwaombea wasioamini kama ndugu aliokaa nao meza moja. Mmoja wa wale wawili, Maurice Bellière, alisafiri kwenda Algiers kuanza unovisi wa Mapadre Weupe, shirika lilelile lililoleta Injili Uganda, Tabora na Karema. Baadaye akatumwa Nyasaland, Malawi ya leo. Alipanda meli siku moja kabla dada yake huyo wa kiroho hajafa.

Theresia alifariki tarehe 30 Septemba 1897, ana miaka 24. Mwaka 1925 Papa Pius XI alimtangaza mtakatifu, mwaka 1927 akamfanya msimamizi wa misioni, yeye ambaye hakuwahi kutoka monasteri. Mwaka 1997 Papa Yohane Paulo II akamtangaza Mwalimu wa Kanisa. Sikukuu yake ni tarehe 1 Oktoba.

Kwa nini nimewasimulia yote haya? Mimi ni mwanakwaya, na nimeona vijana wakiacha kwaya, wakiacha VIWAWA, wakiacha hata jumuiya. Ukiwauliza, wengi bado wanamwamini Mungu. Wameondoka kwa sababu ya mtu mmoja. Mtu mmoja tu asiyevumilika. Tunaomba Mungu atupe moyo wa kwenda kuhubiri mbali, na kumbe anatusubiri kwenye benchi la sauti ya pili, palipokaa yule tunayemkwepa.

Basi wiki hii nawaomba tufanye mambo 3. Kwanza, mtaje kwa jina mbele ya Mungu yule mtu anayekukera, na umwombee kila siku, hata kama ni Salamu Maria moja. Pili, tafuta mkate wake wa kukata, yaani kitu kidogo anachohangaika nacho ambacho hakuna aliyekuagiza umsaidie. Tatu, ukijisikia kulipuka, ondoka kidogo. Kukimbia mapema nako ni ushindi, Theresia mwenyewe alikimbia. Na kama huyo mtu anakuumiza au kukudhulumu, hilo ni jambo jingine: mwambie padre, mlezi au mkubwa unayemwamini.

Usisubiri ujisikie. Yeye hakusubiri.

Tuombe: Ee Yesu, unampenda huyu ninayeshindwa kumpenda. Njoo umpende kwa macho yangu, kwa ulimi wangu, kwa mikono yangu. Amina.

Mtakatifu Theresia wa Mtoto Yesu, utuombee.