Okot p'Bitek na Swali la Mfinyanzi

Juzi kijana mmoja niliyepata kumfundisha, aliyekuwa akiomba nafasi ya chuo kikuu, alinijia akiwa na mashaka. Alitaka kusomea isimu pamoja na falsafa, lakini jamaa zake walikuwa wamemwambia kwamba masomo hayo mawili hayana uhusiano wowote, tena hayamletei mtu hata chumvi ya kutia mbogani. Sikutaka kumhubiria. Nilimsimulia habari za marehemu Okot p'Bitek, ambaye aliwahi kufanya kazi katika mji wetu huu wa Kisumu, ingawa vijana wengi wa hapa humjua kwa jina lililo kwenye jalada la kitabu tu.

Okot alizaliwa Gulu, kaskazini mwa Uganda, mwaka 1931. Alikuwa mwalimu, na pia mchezaji kandanda. Mwaka 1956 alikwenda Uingereza na timu ya taifa ya Uganda, akabaki huko kusoma. Alisomea ualimu Bristol, sheria Aberystwyth na anthropolojia Oxford. Kwa hiyo hakuwa na shahada ya isimu wala ya falsafa, nami nalisema hili waziwazi nisije nikampotosha mwanafunzi yeyote.

Lakini hebu tuitazame kazi yake. Katika kitabu chake kuhusu dini ya Waluo wa Kati, kilichotoka mwaka 1971, anaeleza jinsi mapadri wa Kiitaliano walivyowauliza wazee wa Kiacholi, mwaka 1911, ni nani aliyewaumba. Kiacholi hakikuwa na neno la kuumba kwa maana ya kukileta kitu pasipokuwa na kitu. Swali likageuka likawa la kutaka kujua ni nani aliyewafinyanga. Wazee walishangaa, kwani mtu huzaliwa na mama yake, hafinyangwi. Waliposhurutishwa kujibu, mzee mmoja alikumbuka kwamba wako watu wanaofinyangwa kweli, yaani wale ambao kifua kikuu kimewaingia katika uti wa mgongo kikawapinda. Waacholi waliamini kuwa anayewafanya hivyo ni jok aitwaye Rubanga. Basi wageni wakaliandika jina hilo, na jok wa kibiongo akawa Mungu wa katekisimu.

Mwanaisimu ataweza kutueleza kitenzi kile kilikuwa na maana gani kinywani mwa padri na masikioni mwa mzee. Ila kama watu wasio na neno la uumbaji wanalo wazo lenyewe, au hata wanalihitaji, kamusi haiwezi kuamua. Hapo mtu hulazimika kuwa na elimu zote mbili, au akae kimya.

Okot alikuja Kisumu baada ya kuupoteza wadhifa wake wa mkurugenzi wa Kituo cha Taifa cha Utamaduni, Kampala, kwa kuwa alikuwa amewakosoa wakubwa wa nchi yake. Hapa aliajiriwa na chuo cha Nairobi katika masomo ya watu wazima yanayofundishwa nje ya chuo, na mwaka 1968 akaanzisha tamasha la sanaa la Kisumu. Mtu wa Gulu si mgeni kabisa kando ya ziwa hili. Kiacholi na Dholuo ni lugha za tumbo moja. Kitenzi kilichowatatiza wale wazee tunacho hata sisi. Mama anayefinyanga agulu, zile nyungu zinazouzwa sokoni Kibuye, na Mungu anayeitwa Jachwech makanisani, wote wawili wanatajwa kwa shina moja la neno.

Wimbo wa Lawino, uliochapishwa kwa Kiingereza Nairobi mwaka 1966 na kwa Kiacholi mwaka 1969, una mwanamke asiyejua kusoma ambaye anauliza maswali ya aina hiyohiyo, na waliosoma hawana subira ya kumjibu. Wengi huusoma kama ugomvi wa mke na mume. Mimi naona ni darasa la falsafa, na mwalimu ndiye anayefukuzwa.

Hata hivyo, sikubaliani na Okot katika kila jambo. Aliwashambulia wanazuoni wa Kiafrika, John Mbiti akiwamo, kwamba waliwavika miungu wa Afrika majoho ya Kiyunani. Shutuma hiyo ina uzito. Lakini neno halibaki milele pale lilipozaliwa. Mwacholi anayesali leo kwa jina la Lubanga hafikirii kibiongo, na mwanaisimu hana budi kumsikiliza huyo pia, si wazee wa 1911 peke yao. Nadhani hapo Okot aliipenda mno asili ya neno akayasahau matumizi yake.

Alifariki Kampala mwezi Julai 1982, akiwa na umri wa miaka 51 tu, muda mfupi baada ya kurejea kufundisha Makerere.

Kijana wangu alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza kama Kiswahili chetu nacho hakijafanya vilevile, maana kuumba na umbo ni ndugu, na wazee wa pwani walisema kuumba chungu. Nilikiri kwamba sikuwa nimelifikiria.

Fomu yake alikwisha kuijaza kabla hajaondoka.