Naftali Temu: Mwanariadha aliyeiletea Kenya dhahabu ya kwanza ya Olimpiki

MSAFIRI atokaye mjini Kericho kuelekea Kisii hupita Litein na Sotik, na kwa sehemu kubwa ya safari hiyo macho yake hayaoni ila mashamba ya majani chai yaliyotandazwa juu ya vilima. Nchi hii iko juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na mvua haikosekani. Upande mmoja wa barabara wanaishi Wakipsigis. Ukisonga mbele kidogo unaingia kwa Abagusii. Ni katika ukanda huu wa mpaka, pande za Sotik na Nyamira, ambako Naftali Temu alizaliwa mnamo Aprili 20, 1945.

Jina lake leo halivumi. Mwulize Mkenya wa kawaida ni nani aliyeshinda nishani ya kwanza ya dhahabu ya nchi hii katika Michezo ya Olimpiki, na aghalabu atakutajia Kipchoge Keino. Si kosa la kushangaza, kwani Keino alishinda mita 1,500 katika michezo iyo hiyo ya Mexico City na umaarufu wake ukaenea duniani kote. Lakini ushindi wa Keino ulipatikana Oktoba 20, 1968. Juma moja kabla ya hapo, Oktoba 13, Temu alikuwa tayari amekwisha kuvishwa dhahabu yake ya mita 10,000.

Temu hakuzuka ghafla. Abagusii walikuwa wakitoa wakimbiaji hodari tangu enzi za ukoloni. Nyandika Maiyoro alimaliza wa saba katika mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Melbourne mwaka wa 1956, na wa sita mjini Roma miaka minne baadaye. Arere Anentia alipata nishani ya shaba katika maili sita mjini Cardiff mwaka wa 1958. Kijana Temu alikua akisikia majina hayo, akajiunga na jeshi, mahali ambapo askari mwenye mbio alipewa nafasi ya kufanya mazoezi na kushindana.

Mwaka wa 1964 alichaguliwa kwenda Tokyo, katika Olimpiki ya kwanza ya Kenya huru. Alikuwa na umri wa miaka 19. Safari hiyo haikumletea fahari. Hakumaliza mbio za mita 10,000, na katika marathoni, ambayo Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda kwa mara ya pili mfululizo, Temu aliambulia nafasi ya 49. Aliyeokoa jahazi la Kenya alikuwa jirani yake kutoka Kericho, Wilson Kiprugut Chuma, aliyenyakua shaba ya mita 800, nishani ya kwanza kabisa ya Olimpiki kwa taifa hili. (Kiprugut aliaga dunia Novemba 1, 2022.)

Miaka miwili ilitosha kumgeuza Temu kuwa mtu mwingine. Mnamo Agosti 1966, katika michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Kingston, Jamaika, alipangwa katika maili sita dhidi ya Ron Clarke wa Australia. Clarke ndiye aliyekuwa mfalme wa masafa marefu wakati huo. Mwaka uliotangulia alikuwa amevunja rekodi moja baada ya nyingine, ikiwamo ya mita 10,000 aliyoishusha hadi dakika 27 na sekunde 39.4 mjini Oslo. Hakuna aliyempigia upatu mwanajeshi kutoka Kenya. Joto la Kingston lilikuwa kali, hewa nzito kwa unyevu. Temu alishikamana na Clarke, kisha akamwacha. Alimaliza kwa dakika 27 na sekunde 14.6, zaidi ya sekunde 20 mbele ya Mwaustralia huyo. Kwa mbio za daraja hilo, hiyo si tofauti ndogo. Mshindi huwa amekwisha kupita utepe na kupumua kabla ya mpinzani kufika.

Mexico City iko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, na hilo lilikuwa limezua mjadala kwa miaka kadhaa. Wakimbiaji wa nchi za tambarare waliogopa hewa hafifu ya mji huo. Kwa mtu aliyelelewa kwenye vilima vya chai hapakuwa na jambo geni. Hata hivyo, haifai kusema kwamba mwinuko pekee ndio uliompa Temu ushindi, kama ilivyodaiwa na baadhi ya watu baadaye. Kingston haina mwinuko huo, na huko pia alimshinda Clarke.

Fainali ya mita 10,000 ilikimbiwa siku ya kwanza ya riadha, bila mchujo. Mwendo wa mwanzo ulikuwa wa kuviziana, kila mmoja akihifadhi pumzi. Kadiri mizunguko ilivyopungua, kundi lilizidi kupukutika. Keino, aliyekuwa akisumbuliwa na kibofu cha nyongo, alizidiwa na maumivu mizunguko michache kabla ya mwisho akaanguka nje ya njia. Clarke naye alianza kuyumba. Alimaliza wa sita, akazirai na kupewa hewa ya oksijeni huku daktari wa timu yake akihofia maisha yake. Mbele walibaki Temu, Mamo Wolde wa Ethiopia na Mohammed Gammoudi wa Tunisia.

Wolde alichomoka, akaonekana kama aliyekwisha kushinda. Alikuwa mkimbiaji mzoefu, mwenye miaka 36, aliyejua lini pa kuuma. Temu hakumkimbilia kwa pupa. Alimfuata, akapunguza pengo hatua kwa hatua, na walipoingia mkondo wa mwisho ulionyooka akampita zikiwa zimesalia mita chache. Saa ilionyesha dakika 29 na sekunde 27.4. Wolde alikuwa nyuma yake kwa sehemu sita za kumi za sekunde. Muda huo ulikuwa wa polepole zaidi kwa mshindi wa Olimpiki tangu mwaka wa 1948, lakini dhahabu haipimwi kwa saa. Kwa mara ya kwanza nishani zote tatu za mbio hizo zilichukuliwa na Waafrika.

Siku mbili baadaye Temu alirudi uwanjani kwa mchujo wa mita 5,000, na Oktoba 17 akakimbia fainali. Gammoudi alilipiza kisasi kwa dakika 14 na sekunde 5.0, Keino akamfuata kwa sehemu mbili za kumi tu, na Temu akapata shaba kwa dakika 14 na sekunde 6.4. Kisha, Oktoba 20, alijitosa katika marathoni. Alikuwa miongoni mwa walioongoza hadi sehemu ya pili ya mbio, miguu ikakataa, akamaliza wa 19 huku Wolde akitwaa dhahabu. Ukijumlisha, mtu huyu alikimbia zaidi ya kilomita 62 za mashindano kwa siku nane, kwenye mwinuko ambao wenzake walishindwa kumaliza hata mbio moja.

Kenya ilirudi nyumbani na nishani tisa: dhahabu tatu za Temu, Amos Biwott na Keino, fedha nne na shaba mbili. Kiprugut alikuwa amepata fedha ya mita 800.

Kilele hicho hakikudumu. Temu alipokwenda Edinburgh mwaka wa 1970 kwa michezo ya Jumuiya ya Madola hakupata nishani, na katika Olimpiki ya Munich mwaka wa 1972 hakuvuka mchujo wa mita 10,000. Alikuwa na miaka 27, umri ambao wakimbiaji wengi wa siku hizi ndio kwanza hukomaa. Enzi zake, riadha ilikuwa ya ridhaa: hapakuwa na zawadi za fedha, wala mikataba ya viatu, wala mbio za barabarani za Ulaya na Marekani zinazomjengea mshindi nyumba ya ghorofa. Bingwa wa Olimpiki alirudi shambani kama walivyorudi majirani zake, akaishi maisha ya mkulima. Saratani ya tezi kibofu ilimwua jijini Nairobi mnamo Machi 10, 2003, akiwa na miaka 57.

Uzito wa alichofanya Temu ulionekana kadiri miaka ilivyopita. Mjini Barcelona mwaka wa 1992, Richard Chelimo alipata fedha ya mita 10,000 katika mbio zilizoharibiwa na Mmoroko aliyekuwa amepitwa kwa mzunguko mzima, akamkaribia Chelimo na kumsumbua. Mshindi, Khalid Skah, alinyang'anywa dhahabu kisha akarudishiwa. Paul Tergat alishindwa na Haile Gebrselassie mjini Atlanta mwaka wa 1996, na tena mjini Sydney mwaka wa 2000, mara hii kwa sehemu tisa za mia za sekunde. Paul Tanui alipata fedha mjini Rio mwaka wa 2016. Paul Kipkoech, Moses Tanui na Charles Kamathi walikuwa mabingwa wa dunia, lakini si wa Olimpiki. Mjini Paris mwaka wa 2024 dhahabu ya wanaume ilikwenda kwa Joshua Cheptegei wa Uganda.

Siku chache baada ya Cheptegei, Agosti 9, Kenya ilipata dhahabu yake ya pili ya Olimpiki katika mita 10,000, miaka 56 baada ya ile ya Mexico City. Aliyeishinda ni mwanamke, Beatrice Chebet, mzaliwa wa kaunti ya Kericho. Kwa upande wa wanaume, Temu bado yuko peke yake.